Nani anaeleza, nani anaonekana tu? Maswali mnayouliza sana kuhusu uwakilishi kwenye dokumentari za wanamuziki wa roki

Kila tukimaliza kuangalia dokumentari ya mwanamuziki wa roki yanaibuka maswali yaleyale, mengine yanaulizwa kwa hasira kabisa, kwa hiyo nimeona niyaweke sehemu moja niyajibu kwa urefu. Mi sio msomi wa filamu. Ni mtu ambaye amezitazama hizi kazi kwa miaka mingi na aliwahi kulipwa kuandika neno kwa neno mahojiano ya filamu moja ya muziki, na ile kazi ndio iliyonifungua macho.

Uwakilishi maana yake nini hasa? Si kuhesabu tu weusi wangapi na wanawake wangapi?

Kuhesabu ni pa kuanzia, sio pa kuishia. Unaweza kukuta filamu ina watu wa kila rangi na bado wote wenye mamlaka ya kusema "huu muziki ulikuja kwa sababu hii" ni wazee watatu wanaofanana, na wengine wote wamewekwa pale kama mapambo ya ukumbini.

Mi naangalia kazi ambayo mtu amepewa ndani ya filamu. Kuna wanaoeleza, yaani wanakwambia kwa nini ule wimbo ni wa maana, gitaa lilipigwaje, nani aliiga kwa nani. Kuna wanaokumbuka, wale wa "nilikuwepo siku hiyo, watu walijaa sana". Halafu kuna wanaoonekana tu, wanacheza nyuma, wanapiga makofi, wanalia msibani. Sasa we chukua filamu yoyote unayoipenda ujiulize nani yuko kundi gani.

Ile kazi ya kuandika mahojiano ilikuwa hivi. Nilikaa na rekodi ya karibu saa mbili ya mama mmoja aliyekuwa muitikiaji wa bendi, alieleza vizuri mno jinsi walivyoshusha ufunguo wa wimbo ili sauti ya kiongozi isipasuke, alieleza nani alileta ile melodi ya kiitikio ambayo mpaka leo watu wanaiimba, alitaja mpaka mpangilio wa maikrofoni. Nikaandika kurasa na kurasa. Filamu ilipotoka yule mama alikuwa na sekunde kama 20, na kwenye hizo sekunde 20 analia. Basi. Aliyeeleza kiitikio kilitoka wapi ni mwandishi wa magazeti ambaye hakuwepo studio. Kwa mtu anayehesabu sura, yule mama amewakilishwa. Mi niliyesikia zile saa mbili najua hakuwakilishwa.

Lakini roki si muziki wa wazungu? Mbona mnataka kulazimisha?

Hili ndio swali linaloulizwa kuliko yote na naomba nilijibu taratibu, maana anayeuliza mara nyingi hana ubaya, ameambiwa hivyo na filamu zenyewe.

Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyezaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, alikuwa anapiga gitaa la umeme na kuimba injili kwa namna ambayo ukiisikia leo utasema hii ni roki, na "Strange Things Happening Every Day" aliirekodi 1944, karibu miaka 10 kabla Elvis Presley hajatoa rekodi yake ya kwanza ya biashara. Big Mama Thornton alirekodi "Hound Dog" 1952, Elvis akaja kuirekodi 1956. Chuck Berry ndiye aliyefundisha wapiga gitaa wa dunia nzima namna ya kufungua wimbo. Little Richard alirekodi "Tutti Frutti" pale New Orleans 1955, na haikuchukua muda Pat Boone akatoa toleo lake lililopigwa pasi vizuri ili redio za wazungu ziweze kulicheza bila wasiwasi.

Kwa hiyo hapa hakuna anayeingiza watu weusi kwenye historia ya roki. Wao ndio walioianzisha, na kuna kazi kubwa imefanyika kuwatoa. Imefanywa na redio zilizotenganisha muziki kwa rangi, na makampuni ya rekodi, na televisheni. MTV ilipoanza Agosti 1981 ilijiona ni chaneli ya roki na wasanii weusi walikuwa wachache sana, mpaka 1983 David Bowie akamuuliza mtangazaji wao usoni, kwenye mahojiano yaleyale ya MTV, kwa nini hawaonekani. Dokumentari nyingi zinarithi ile orodha ya redio na televisheni bila kuikagua, halafu zinaiita historia.

Angalia pia tuzo. Rock and Roll Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya roki kule Marekani, ilipoingiza wasanii wa kwanza 1986, weusi walikuwepo, ila mwanamke hakuwepo hata mmoja, Aretha Franklin ndiye akawa wa kwanza mwaka uliofuata. Sister Rosetta aliingizwa 2018. Alikuwa ameshakufa karibu miaka 45, na kwa zaidi ya miaka 30 ya hiyo kaburi lake kule Philadelphia halikuwa na jiwe lenye jina.

Watengenezaji wanasema "hatuna picha zao za zamani". Ni kweli au kisingizio?

Mara nyingi ni kweli, na ndio maana ni tatizo zito kuliko watu wanavyodhani. Kamera hazikupelekwa kila mahali kwa usawa. Mfano mzuri ni Jimi Hendrix, mpiga gitaa mweusi wa Marekani. Agosti 1969 alipiga kwenye tamasha la Woodstock na pale kulikuwa na timu nzima ya wapiga picha za sinema, ndio maana kila filamu inayomhusu lazima ukutane na zile nyuzi zinazoning'inia kwenye mikono ya koti lake jeupe na ule wimbo wa taifa wa Marekani. Wiki tatu hazijaisha, tarehe 5 Septemba 1969, akapiga bure mtaani Harlem, New York, mtaa wa 139, kuchangia shughuli za wakazi wa pale, mbele ya watu weusi ambao redio zao zilikuwa hazimchezi. We umewahi kuona nini cha siku hiyo? Kidogo sana. Basi mtazamaji anajifunza bila kuambiwa kwamba Hendrix alikuwa mali ya mahipi, kumbe kuna juhudi alifanya mwenyewe kurudi kwa watu wake.

Filamu nyingi pia zinaanza hadithi yake Septemba 1966 alipotua London, kama vile alizaliwa uwanja wa ndege. Kabla ya hapo alikuwa Seattle, akaenda jeshini, akazunguka na bendi za weusi kumbi kwa kumbi, alipiga nyuma ya Isley Brothers, alipiga nyuma ya Little Richard. Alijifunzia huko. Ukikata hiyo sehemu umekata shule yake.

Dawa ipo lakini inadai kazi. Ile bendi ya Death kutoka Detroit, ndugu watatu weusi wa familia ya Hackney, walirekodi 1975 muziki mkali wa kasi ambao dunia ilikuja kuuita panki baadaye, lebo ikataka wabadilishe jina, David ambaye ndiye alikuwa kiongozi akakataa katakata, na zile nyimbo zikakaa mpaka 2009 ndio zikatoka kama albamu. David alikufa mwaka 2000, hakuiona. Dokumentari yao ya 2012 haikuwa na televisheni ya kuegemea, ikaegemea ndugu wawili waliobaki, wakaeleza wao wenyewe, kwa kirefu, wakiwa kwao, na ile kukosa picha za zamani hukuihisi kabisa kwa sababu waliachiwa nafasi ya kuongea.

Nitajie filamu kubwa ambayo tatizo hili linaonekana wazi.

Gimme Shelter ya 1970, kuhusu bendi ya Rolling Stones. Ni filamu ninayoiheshimu na inaniuma kila nikiiangalia. Tarehe 6 Desemba 1969 pale Altamont, California, kijana mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, alichomwa kisu akafa mbele ya jukwaa mikononi mwa mmoja wa Hells Angels, kundi la waendesha pikipiki waliokuwa wanalinda. Kamera ilinasa. Hunter alikuwa ameshika bastola, na mahakama baadaye ilimwachia aliyemchoma kwa hoja ya kujilinda, hilo tuliseme wazi. Ila angalia filamu inavyokaa. Kifo chake ndicho kilele cha filamu nzima, tunakiona, kinarudishwa polepole, Mick Jagger, mwimbaji wa bendi, anakitazama kwenye mashine ya kuhariri na sisi tunautazama uso wa Jagger. Hunter alikuwa nani? Mama yake ni nani, alipenda nyimbo zipi, kwa nini alienda pale siku hiyo? Hatuambiwi. Mtu amebeba filamu kwa damu yake na hana hata sentensi moja. Na yeye pia alikaa miaka mingi kaburini bila jiwe.

Halafu upande wa pili wa filamu hiyohiyo kuna kitu cha kupongeza ambacho hakisemwi sana. Lile wazo la kuwaonyesha wanamuziki wakijitazama kwenye picha zao, ambalo ndio linaifanya filamu isiwe shoo tu, lilitoka kwa Charlotte Zwerin, mwanamke aliyekuwa kwenye chumba cha uhariri, na jina lake liko kama mwongozaji pamoja na ndugu wa Maysles. Watu wakiitaja wanasema "filamu ya kina Maysles". Kwa hiyo hata nyuma ya kamera majina yanapotea.

Wanawake kwenye hizi filamu, tatizo ni nini? Mbona mke na mama huwa wapo?

Ndio hilo, wapo kama mke na mama. Anaulizwa mwanamuziki alikuwa anakunywa kiasi gani, alirudi saa ngapi, ulijisikiaje alipokuacha. Haulizwi kuhusu muziki hata kama alikuwa chumbani wimbo unatungwa. Mwanaume akihojiwa anaulizwa kazi, mwanamke akihojiwa anaulizwa maumivu. Ukishaliona hili huwezi tena kuacha kuliona, nakwambia.

Waitikiaji ndio wameumia zaidi. Ile sauti ya kike inayopasuka kwenye wimbo wa Rolling Stones, "Gimme Shelter", ni ya Merry Clayton, aliitwa studio usiku wa manane akiwa mjamzito, na kwa miaka mingi watu waliijua sauti bila kumjua yeye. 2013 ikatoka dokumentari ya waitikiaji, 20 Feet from Stardom, na humo Clayton anasimulia mwenyewe usiku ule ulivyokwenda, ikashinda Oscar. Sifa yake kwangu ni hiyo tu, kwamba aliyeimba ndiye anayeeleza.

Kuna pia Fanny, bendi ya wanawake pekee ya Los Angeles, ndugu wawili June na Jean Millington wenye asili ya Ufilipino, albamu yao ya kwanza ilitoka lebo kubwa mwaka 1970. Waliwasha majukwaa ya Marekani na Uingereza, halafu wakafutika kwenye masimulizi mpaka dokumentari ya 2021 ilipowarudisha. Fikiria msichana mwenye sura kama yao aliyepitisha miaka 50 katikati hapo bila kuambiwa kwamba walikuwepo.

Dairekta lazima awe wa asili moja na mwanamuziki?

Mi siamini kwamba lazima. Naamini kwamba inabadilisha maswali yanayoulizwa, na maswali ndio filamu.

Mfano wa karibu na sisi kidogo ni Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya panki X-Ray Spex ya Uingereza, baba Msomali, mama mweupe, akakua Brixton miaka ya 60 ambapo mtoto wa mchanganyiko alikuwa anatupiwa maneno pande zote mbili. 1979 BBC walimtengenezea filamu akiwa hai na kijana, yenye thamani sana, lakini imemtazama kama kiumbe cha ajabu kidogo, msichana wa meno yenye nyaya na nguo za plastiki. 2021 binti yake, Celeste Bell, akatoa nyingine akishirikiana na Paul Sng, na shajara za mama yake zikasomwa na Ruth Negga, ambaye baba yake ni Muethiopia na mama ni Muayalandi. Sasa pale unasikia mambo ambayo mgeni asingethubutu kuyauliza. Binti anasema wazi jinsi ilivyokuwa vigumu kulelewa na mama aliyekuwa anaugua akili, anasema na kuhusu nywele, ngozi, jina. Hakumtakasa mama yake.

Ila mtu wa ndani naye ana upofu wake, anaficha aibu ya familia, anaogopa mjomba. Kwa hiyo ninapoulizwa najibu hivi: kama dairekta ni mgeni, basi prodyuza, mhariri, mtafiti, mmoja wao asiwe mgeni, na awe na uwezo wa kusema hapana ikasikilizwa. Kumwita mtu wa ndani wiki ya mwisho aje "kupitia" filamu iliyokwisha hariri ni kumtafutia sahihi tu.

Na kama msanii mwenyewe hakupenda kuzungumzia asili yake? Si tuheshimu?

Hapa huwa sina jibu jepesi. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Alipokuwa maarufu hakuyasema sana haya. Wengi wanachukua ukimya wake kama ruhusa ya kupita haraka, dakika mbili za picha za bahari na majumba ya mawe halafu tupo London.

Mi naona ukimya wa mtu nao ni habari. Unaweza kuuheshimu na bado ukauliza huo ukimya ulitoka wapi. Uingereza ya miaka ya 70 ilikuwa inamtendea vipi kijana mwenye sura na jina la Kihindi? Ukijibu hilo, hujamsemea kitu, umemwonyesha mtazamaji ukuta aliokuwa anaukwepa. Na mazishi yake Novemba 1991 yaliongozwa na makasisi wa dini ya Zoroasta, dini ya wazazi wake. Basi huwezi kuniambia asili ilikuwa jambo la utotoni tu.

Phil Lynott, mwimbaji wa bendi ya Thin Lizzy, ni kesi tofauti, mweusi aliyelelewa na bibi yake Dublin, baba kutoka Guyana, na yeye alijiita Muayalandi kwa kifua mbele akaimba hadithi za mashujaa wa kule. Dokumentari yake ya 2020 imetumia sana sauti yake mwenyewe kutoka mahojiano ya zamani, na hiyo ni njia ya heshima, unamsikia anavyolizungumza suala la rangi kwa maneno yake, pale anapolicheka na pale anapolikwepa.

Kwa nini unachukia hadithi za "msanii aliyesahaulika kisha akagunduliwa"?

Sizichukii, nazililia nyingine. Nachouliza ni alisahauliwa na nani, akagunduliwa na nani.

Searching for Sugar Man ya 2012 inamhusu Rodriguez, mtoto wa wahamiaji wa Kimexico kutoka Detroit, ambaye albamu zake hazikuuza Marekani lakini zikawa kubwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi. Filamu tamu sana, ikachukua Oscar. Ila imeacha kwamba jamaa alishafanya ziara Australia 1979 na 1981, kwa sababu ukilisema hilo ule utamu wa "hakuna aliyejua yuko wapi" unapungua. Na jingine, filamu inasema nyimbo zake ziligusa watu waliokuwa wanapinga ubaguzi, lakini wanaotusimulia Afrika Kusini ya ubaguzi ni wazungu karibu wote. Weusi wa nchi ile wakati huo walikuwa wanasikiliza nini? Hawajaulizwa. Sehemu nzuri kwangu ni ya Detroit, pale mabinti zake na mtu aliyefanya naye kazi za ujenzi wanapoeleza ni mtu wa namna gani, hapo filamu inapumua.

Vivyo hivyo kwa Jagari, mwimbaji wa WITCH, bendi kubwa ya Zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya 70. Dokumentari ya 2019 imetengenezwa na Muitaliano aliyesafiri kumtafuta, na ninashukuru ipo. Lakini Jagari hakuwa amepotea. Majirani zake walijua nyumba yake. Walioipoteza Zamrock ni sisi wengine, na sababu zinajulikana, bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukabana, ukimwi ukaondoka na wanamuziki kwa makumi. Nataka filamu inayokaa na hizo sababu dakika 20, sio inayokaa na msisimko wa mgeni aliyefika.

Mambo ya mapenzi ya jinsia moja yaingie? Si ni siri za mtu?

Kama yalijenga muziki, yaingie, kwa heshima. Little Richard huwezi kumweleza bila hayo, alianza kumbi ambazo wanaume walivaa magauni na kuimba, "Tutti Frutti" yenyewe ilikuwa na maneno machafu ya kumbi hizo mpaka mtunzi mwingine, Dorothy LaBostrie, alipoletwa kuyasafisha studio. Na baadaye mwenyewe akayakataa maisha hayo kwa sababu za dini, akarudi, akayakataa tena. Dokumentari ya 2023 ya Lisa Cortés haikumchagulia upande. Iliwaweka wasomi weusi waeleze alivyowafungulia wengine mlango huku yeye mwenyewe akishindwa kupumzika ndani. Nilivyoiangalia niliona kumbe inawezekana, mtu anaweza kuelezwa mzimamzima.

Ila mtu aliye hai ambaye hajasema, usimseme wewe. Hapo sina mjadala.

Na walemavu?

Wanaingizwa kama hadithi ya ujasiri, basi. Rick Allen, mpiga dramu wa bendi ya Def Leppard, alipoteza mkono wa kushoto kwenye ajali ya 31 Desemba 1984, na filamu zinapenda machozi ya kurudi jukwaani. Mi nataka kuona zile pedali, mguu upi unapiga nini, alibadilishaje mtindo wa dramu. Ian Dury naye, mwimbaji Muingereza aliyeugua polio utotoni, wimbo wake wa 1981 kuhusu ulemavu BBC waliubana usichezwe, na mwaka 2012 ukapigwa kwenye ufunguzi wa Paralimpiki London. Hapo kuna filamu nzima.

Kuna vigezo rasmi?

Vipo. Taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ina vigezo vya utofauti kwa miradi inayoomba fedha zake: kinachoonekana kwenye skrini, nani anaongoza kazi, nafasi za kuingia kwenye tasnia, na watazamaji gani wanafikiwa. Akademi ya Oscar ilitangaza vyake 2020, vikaanza kutumika kamili kwenye tuzo za 2024, filamu itimize viwili kati ya vinne, ila ni kwa tuzo ya Filamu Bora peke yake, sio kipengele cha dokumentari. Mi naona vinasaidia kufungua mlango wa ajira. Havitakusaidia na zile sekunde 20 za yule mama, maana kwenye fomu yeye ni tiki.

Familia na wenye haki za nyimbo wana nguvu kiasi gani?

Kubwa mno. Ukitaka wimbo kwenye filamu unahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ruhusa ya mwenye rekodi, na wakikataa huna muziki. Wasimamizi wa mirathi ya Hendrix walikataa nyimbo zake zisitumike kwenye filamu ya maigizo kuhusu maisha yake iliyoonyeshwa mara ya kwanza 2013, ikabidi itoke bila wimbo wake hata mmoja. Kwa hiyo anayetaka kumhoji mke wa kwanza, mtoto wa nje, mpiga besi aliyefukuzwa, anajua kabisa anaweza kunyimwa nyimbo. Wengi wananyamaza. Ukiona mtu muhimu hayupo kabisa kwenye filamu, kabla hujamlaumu dairekta, angalia mwishoni nani ametajwa kama prodyuza mtendaji.

Natengeneza filamu ya bendi ambayo wote wanne ni wanaume weupe. Nifanyeje, niwabadilishe?

Usimbadilishe mtu. Panua duara. Nani alirekodi albamu? Nani alishona zile nguo, aliendesha basi, alipanga ziara, aliuza tiketi, aliwafundisha gitaa? Rifu yao, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, walisikia kwa nani? Mara nyingi ukifuata rifu unafika kwa mtu mweusi aliyerekodi miaka 15 nyuma, au kwa Link Wray mwenye asili ya Washawnee, ambaye "Rumble" yake ya 1958 ilifungiwa na baadhi ya redio ingawa haina hata neno moja la kuimbwa. Ukimpata wa namna hiyo mpe nafasi ya kueleza, usimtaje tu.

Na mashabiki nao. Ukienda kumhoji shabiki usichague yule tu anayefanana na bendi.

Bajeti yangu ndogo, naanzia wapi?

Anzia kwenye maswali, hayana gharama. Wahojiwa wote waulize maswali ya muziki kwanza, mke, dereva, muitikiaji, wote, na ya maumivu yaje mwisho kama wakitaka. Muda wa mahojiano uwe sawa, usimpe mwandishi maarufu saa tatu na muitikiaji dakika 40 kwenye korido yenye kelele. Taa ziwekwe kwa ngozi ya anayehojiwa, nimeona watu weusi wengi wamepigwa kama vivuli kwa sababu taa zilipimwa kwa mtu mwingine na hakuna aliyejisumbua kuzihamisha. Maandishi ya chini ya skrini nayo, ukimwekea mtu mwenye lafudhi ya Kiafrika anayeongea Kiingereza kinachoeleweka na usimwekee Mskoti ambaye hata Waingereza hawamsikii, umeshasema kitu. Weka kwa wote au usiweke.

Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ya mtu. Na kabla ya kufunga uhariri, muonyeshe kila mhojiwa kipande chake, sio akupangie filamu, ila akuambie kama umemkata katikati ya wazo.

Nikiwa mtazamaji wa kawaida najuaje?

Chukua karatasi. Andika jina la kila anayeongea, na pembeni weka E kama anaeleza, K kama anakumbuka, L kama analia. Mtu mmoja anaweza kupata zote. Mwisho wa filamu angalia wenye L peke yake ni kina nani, halafu uisubiri orodha ya majina ipite mpaka mwisho usome aliyehariri.